Sura ya 7: Pesa za Inningi ya Tisa

Kabla mwaka 2017 haujaisha, klabu ya Colorado Rockies ya jijini Denver ilikuwa imeshawaahidi wanaume watatu dola milioni 106. Bryan Shaw alipewa milioni 27 za miaka mitatu. Jake McGee naye akapewa milioni 27 za miaka mitatu. Wade Davis, aliyesaini wa mwisho, alipata milioni 52 kwa muda huo huo, na ukizigawa kwa mwaka, hakuna mrushaji wa akiba aliyekuwa amewahi kuahidiwa kiasi hicho. Kazi ya wote watatu ni moja. Wanakaa kwenye banda la kupashia mwili moto, wanangoja hadi mechi ielekee ukingoni, kisha wanaingia, wanarusha mipira kumi na tano au ishirini, na kazi yao ya siku imekwisha.

Na wapigaji je? Katika usajili huo huo Rockies walimchukua mdakaji Chris Iannetta kwa milioni 8.5 za miaka miwili, na Machi, msimu ukikaribia kuanza, wakamrudisha Carlos González kwa milioni 8 za mwaka mmoja. Basi. Kwa kila dola moja iliyokwenda kwenye upigaji, zaidi ya sita zilikwenda kwa warushaji hao wa akiba.

Kwa msomaji aliyeiona besiboli kwenye filamu tu, maelezo machache yatatosha. Mechi ina inningi 9, na katika kila inningi timu hupata zamu moja ya kupiga na moja ya kulinda. Mpigaji akizunguka besi zote na kurudi nyumbani, timu yake inahesabiwa mkimbio mmoja. Akiupiga mpira hadi nje ya uzio, hiyo ni homurani, naye anazunguka kwa raha zake. Zamani mrushaji wa kuanza alikuwa akimaliza mechi mwenyewe. Siku hizi hutolewa kwenye inningi ya tano au ya sita, na zilizobaki hugawanywa kwa warushaji wa akiba, ambao kwa pamoja, na banda lao pia, huitwa bulpeni. Wa mwisho kabisa, anayeingia inningi ya tisa timu ikiwa mbele kwa mkimbio mmoja, miwili au mitatu, ni kloza; akilinda uongozi huo hadi mwisho, anahesabiwa ameokoa mechi. Mrushaji hupimwa kwa wastani wa mikimbio anayoruhusu kwa kila inningi 9. Wastani wa 4 ni wa kawaida, chini ya 3 ni mzuri, na ukipita 5 mashabiki huanza kuzomea.

Meneja mkuu wa Rockies wakati huo, Jeff Bridich, hakuwa mjinga, na uamuzi wake ulikuwa na hoja. Denver iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, pungufu kidogo tu ya Nairobi. Hewa ni nyepesi. Mpira uliopigwa husafiri mbali zaidi, na mpira wa kupinda, ule ambao mrushaji hutegemea ukate kona mbele ya mpigaji, haukati kama unavyokata pwani. Warushaji wa kuanza huchoka mapema, na bulpeni hubeba mzigo mkubwa kuliko kwingi kwenye ligi. Tena Rockies walikuwa na kundi la vijana wa kuanza mechi, akina Kyle Freeland na Germán Márquez, waliolipwa kidogo kwa kuwa walikuwa bado wachanga kwenye ligi. Pesa ilikuwepo. Na walikuwa wameumia: kloza wao wa 2017, Greg Holland, aliyeanza msimu kama moto, alivurunda Agosti, na Oktoba timu ilitolewa na Arizona kwa 11 kwa 8 katika mechi moja tu ya mtoano. Ukifungwa mikimbio 11 siku ya mwisho, majira yote ya baridi utawaza warushaji.

Hapo ndipo maamuzi ya namna hii yanapoharibikia. Mechi iliyopotea kwenye inningi ya tisa ina jina na sura. Kamera inamfuata kloza akitembea kichwa chini, na kesho yake picha hiyo iko kwenye kila ukurasa wa michezo. Lakini mechi iliyopotea kwa sababu mchezaji wa besi ya kwanza aliacha wenzake wawili wamesimama kwenye besi inningi ya tatu, kisha tena inningi ya sita, haina mwenyewe. Hakuna anayeikumbuka. Mwisho wa msimu mwenye klabu anauliza, "Tulipoteza mechi ngapi tukiwa mbele?" Ni nadra kumsikia akiuliza ni mechi ngapi walizopaswa kuwa mbele na hawakuwa. Bajeti hufuata swali lililoulizwa.

Majira hayo hayo ya baridi, klabu nyingine yenye mfuko mwembamba kuliko wa Rockies ilifanya kinyume chake. Milwaukee Brewers, chini ya David Stearns, siku moja ya Januari 2018 walifanya mambo mawili. Walimsajili Lorenzo Cain kwa miaka mitano na dola milioni 80, na kwa kubadilishana na chipukizi wanne walimchukua Christian Yelich kutoka Miami. Wote wawili walikuwa wapigaji wa kila siku. Yelich alikuja na mkataba wa zamani wa miaka saba usiofika milioni 50, yaani chini ya alizopewa Davis kwa miaka mitatu.

Bulpeni ya Brewers ilitoka wapi? Josh Hader walimpata 2015 akiwa chipukizi, sehemu ya mauzo yaliyompeleka Carlos Gómez Houston. Alikuwa akilelewa awe mrushaji wa kuanza, wakamgeuza. Mwaka 2018 aliwatoa wapigaji 143 kwa straiki tatu, yaani bila wao kuupiga mpira uwanjani, katika inningi 81 na theluthi, huku akilipwa karibu na kima cha chini cha ligi, ambacho mwaka huo kilikuwa dola 545,000. Corey Knebel walimpata kwa kuwaachia Texas mrushaji wa kuanza aliyekuwa anakaribia mwisho wa mkataba. Jeremy Jeffress alikuwa ameshaondoka Milwaukee na kurudi zaidi ya mara moja, na safari hiyo alirudi kwa biashara ndogo tu ya kubadilishana wachezaji. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyenunuliwa kwa bei ya sokoni.

Tupige hesabu, kwa sababu hoja ya sura hii imelala humo. Timu moja hulinda takriban inningi 1,450 kwa msimu. Mrushaji wa akiba anayetumiwa sana hurusha kama 65 kati ya hizo. Akiwa wa kawaida, mwenye wastani wa 4, ataruhusu mikimbio 29. Akiwa mzuri, mwenye wastani wa 3, ataruhusu 22. Tofauti ni mikimbio 7. Wachambuzi wa mchezo huu wana kipimo cha haraka: mikimbio 10 unayoongeza au kuokoa kwa msimu ni sawa na ushindi mmoja. Saba haifiki.

Utasema inningi ya tisa si sawa na ya pili, kwamba mkimbio mmoja pale una uzito wa miwili. Nakubali. Zidisha kwa mbili, upate 14. Ushindi mmoja na chenji. Sasa mtazame mpigaji wa kila siku. Yeye hupata zamu 600 na zaidi kwa msimu. Tofauti ya mpigaji wa wastani na mpigaji mzuri tu, hata asiwe nyota, ni mikimbio 15 hadi 20 bila kuzidisha chochote. Nyota hupita 40. Na mpigaji huyo huyo hulinda pia, kwa hiyo akiwa na miguu na mkono mzuri atakuokolea mingine. Mrushaji wa akiba inabidi awe bora kabisa, na awe na bahati, ndipo alingane na mpigaji ambaye ni mzuri tu.

Bahati hiyo nayo inastahili hesabu yake. Mrushaji wetu wa inningi 65 ameruhusu mikimbio 22. Wastani wake ni 3.05 na kila mtu anamsifu. Mwongezee siku mbili mbaya, mikimbio minne kila siku. Siku mbili kati ya msimu wa miezi sita. Inakuwa 30, na wastani wake unaruka hadi 4.15. Mkono ni ule ule, kasi ile ile. Pengine mipira miwili ililenga pengo kati ya walinzi badala ya kwenda mikononi mwao. Lakini soko la Desemba halioni hivyo. Linamwona wa 3.05 kama dhahabu na wa 4.15 kama chuma chakavu, kisha linampa wa kwanza milioni 27. Anayenunua mrushaji wa akiba kwa bei kubwa ananunua mwaka uliopita. Mpigaji naye hubadilika, lakini zamu 600 zina namna ya kuficha siku mbili mbaya.

Ushahidi wa jambo hili Rockies walikuwa nao nyumbani kwao. Adam Ottavino, mrushaji wao wa akiba, alimaliza 2017 na wastani wa 5.06. Alikuwa amepoteza udhibiti kiasi cha kwamba kumwingiza kwenye mechi ngumu kulikuwa kucheza kamari. Majira ya baridi yalipofika alirudi New York, akapata duka tupu mtaani Harlem, akatandika zulia, akafunga wavu na kamera za kunasa mwendo wa polepole, akaanza kujirekebisha mpira baada ya mpira: vidole vinakaa wapi, mpira unazunguka mara ngapi, unakata kona wapi. Wapita njia walikuwa wanaendelea na safari zao nje. Huku Denver ikiandika hundi za milioni 106, mrushaji bora wa akiba ambaye Rockies wangekuwa naye 2018 alikuwa ndani ya chumba hicho, na mkataba wake mdogo ulikuwa umeshasainiwa zamani. Mwaka huo alimaliza na 2.43.

Wale watatu? Shaw alimaliza 2018 na wastani wa 5.93. McGee, 6.49. Davis aliongoza ligi ya National, moja ya nusu mbili za ligi kuu, kwa kuokoa mechi 43, na tusimnyime haki yake, lakini wastani wake ulikuwa 4.13, ambao kwa mtu wa bei ile ni wa kawaida tu.

Timu yenyewe ilicheza vizuri. Ilishinda mechi 91, ikakosa ubingwa wa kundi lake katika mechi ya ziada dhidi ya Los Angeles Dodgers, kisha ikaenda Chicago na kuwatoa Cubs 2 kwa 1 baada ya inningi 13. Angalia matokeo hayo: mikimbio miwili katika inningi 13. Kutoka hapo wakaenda Milwaukee kukutana na wale wale Brewers wa Cain na Yelich. Mechi ya kwanza Yelich alipiga homurani. Rockies wakasawazisha kwa mikimbio miwili inningi ya tisa, wakafungwa inningi ya kumi, na aliyefungwa, kwa ukatili wa mchezo huu, ni Ottavino. Mechi ya pili, 4 kwa 0. Ya tatu, nyumbani Denver kwenye hewa nyepesi inayofanya kila mpigaji aonekane shujaa, 6 kwa 0. Inningi 28, mikimbio 2. Yelich alichaguliwa mchezaji bora wa ligi ya National mwaka huo.

Sisemi kwamba Cain na Yelich peke yao ndio walioitoa Rockies. Mfululizo wa mechi tatu hauthibitishi kitu, na ningekuwa mwongo ningesema unathibitisha. Ninachosema ni kwamba udhaifu wa upigaji wa Rockies ulionekana tangu Desemba kwa yeyote aliyetaka kuuona. Nolan Arenado, Charlie Blackmon na Trevor Story walikuwa wapigaji wa kweli. Baada yao, takwimu zilipambwa na mwinuko wa Denver. Ukiondoa msaada wa hewa, safu nzima ilikuwa chini ya wastani wa ligi. Kununua kloza ghali zaidi duniani kwa timu kama hiyo ni kufunga kufuli la bei mbaya kwenye ghala lisilo na mahindi.

Msimu uliofuata wastani wa Davis ulipanda hadi 8.65. Julai 2020 Rockies waliwaachia Shaw na McGee kwa siku moja, huku sehemu kubwa ya mishahara yao ikiendelea kutoka Denver, na Septemba Davis naye akafuata. McGee alichukuliwa na Dodgers kwa kima cha chini. Alirusha vizuri, na Oktoba hiyo alikuwa mchezaji wa timu iliyotwaa World Series, fainali ya ligi kuu.

Kuna kisa kingine ambacho husimuliwa kama kosa la kocha tu, nami naona ni zaidi ya hilo. Mwaka 2016 Baltimore Orioles walikuwa na kloza Zach Britton, aliyekabidhiwa mechi 47 za kuokoa akaziokoa zote 47, na wastani wa 0.54. Oktoba 4, mjini Toronto, mechi ya mtoano, matokeo yamesimama 2 kwa 2. Inningi ya tisa ikapita, ya kumi ikapita. Kocha Buck Showalter alikuwa akimtunza Britton mpaka timu itangulie, amalize kazi. Timu haikutangulia. Inningi ya 11 Ubaldo Jiménez, mrushaji wa kuanza aliyeingizwa kama wa akiba, alirusha mpira ambao Edwin Encarnación aliutuma jukwaani, mikimbio mitatu kwa mpigo, na msimu ukaisha Britton akiwa hajakanyaga kilima cha kurushia. Showalter alilaumiwa sana, na kwa haki. Lakini wapigaji wake walikuwa wamepata mikimbio miwili katika inningi 11. Bulpeni humtegemea anayetangulia. Mrushaji bora wa akiba duniani, wapigaji wakilala, ni mtazamaji aliyevaa jezi.

Kansas City Royals hutajwa mara nyingi kama jibu la hoja hii, kwa kuwa walicheza fainali mbili mfululizo, 2014 na 2015, na kutwaa taji katika ile ya pili, juu ya mgongo wa bulpeni. Kelvin Herrera inningi ya saba, Wade Davis ya nane, Greg Holland ya tisa. Ukifika inningi ya sita ukiwa nyuma yao, umekwisha. Ndiyo, Davis na Holland hao hao waliokuja baadaye Denver. Lakini tazama walivyopatikana. Herrera alisajiliwa kijana kutoka Jamhuri ya Dominika. Holland alichaguliwa 2007 kwenye raundi ya kumi ya uteuzi, mahali ambapo klabu nyingi zimeshasinzia. Davis alikuja 2012 kama kijalizo katika biashara ya kumpata James Shields, akajaribiwa kuwa mrushaji wa kuanza, akashindwa. Aliporudishwa bulpeni mpira wake uliongezeka kasi, na 2014 akamaliza na wastani wa 1.00. Royals hawakuinunua bulpeni ile. Waliitengeneza, na kwa kuwa waliitengeneza walibaki na pesa za mambo mengine. Miaka mitatu baadaye Rockies wakanunua kilichobaki kwa bei ya kumbukumbu.

Mfumo wa mishahara wa besiboli unasaidia sana anayetengeneza. Kwa kawaida mchezaji hulipwa karibu na kima cha chini kwa miaka mitatu ya kwanza, kisha mitatu mingine mshahara wake huamuliwa kwa usuluhishi, na ndipo awe huru kwenda sokoni. Kwa mrushaji wa akiba miaka hiyo sita mara nyingi ndiyo maisha yake yote ya maana. Bega na kiwiko havisubiri. Akifika sokoni ana miaka thelathini au zaidi, na anayemlipa analipia mipira ambayo ameshairusha kwa klabu nyingine. Zaidi ya hapo, kijana mwenye mkataba mdogo anaweza kupandishwa na kushushwa ligi ndogo kadiri anavyohitajika; tangu 2022 kuna kikomo cha kushushwa mara tano kwa msimu, lakini hiyo bado ni nafasi pana. Ukiwa na vijana kumi wa namna hiyo kwa nafasi nne, watano watakuangusha, wawili watakushangaza. Mpigaji huwezi kumfanyia hivyo. Besi ya kwanza ni moja, na mtu dhaifu akiikalia kwa zamu 600 hakuna wa kumficha.

Ndiyo maana klabu zenye akili hutafuta mikono kila pembe ya dunia: mrushaji wa kuanza aliyechoka, kijana wa Venezuela, aliyeachwa na klabu tatu ila ana mpira mmoja unaopinda vizuri. Dodgers mwaka 2022 walifika hadi Uganda wakasajili vijana wawili. Gharama ya kukosea kwenye mikono kama hiyo ni ndogo mno kuitaja.

Sasa upande wa pili, maana kuna watu watakaosoma hapa na kuhitimisha kwamba bulpeni si kitu. Washington Nationals, kabla ya msimu wa 2019, walimpa Patrick Corbin, mrushaji wa kuanza, milioni 140, na bulpeni wakaiacha hohehahe. Walianza kwa kushinda 19 na kupoteza 31. Wastani wa bulpeni yao ulimalizia 5.66, aibu kwa timu ya kiwango chochote. Walipona kwa sababu Julai 31, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, walimchukua Daniel Hudson kutoka Toronto, mtu ambaye Machi mwaka huo klabu nyingine ilikuwa imemfungulia mlango aende. Na kwa sababu Oktoba waliwatumia warushaji wa kuanza kama wa akiba, Corbin akiwamo. Hudson ndiye aliyemtoa mpigaji wa mwisho wa World Series. Ni hadithi tamu, lakini nisingemshauri mtu aipange. Timu iliyo dhaifu kiasi kile hupoteza mechi ambazo wapigaji wameshazishinda, na wapigaji wakiona hivyo wiki baada ya wiki mioyo hukatika.

Na upigaji nao una makaburi yake. Rockies hao hao walikuwa wamempa Ian Desmond milioni 70 mwaka mmoja kabla. Mwaka 2018 alipiga kwa wastani wa .236, yaani hakufikisha mpigo mmoja safi kwa kila zamu nne. Baltimore walimpa Chris Davis milioni 161 Januari 2016, na mkataba ule ulikuja kuwa mfano wa kufundishia wengine. Mkataba wa miaka saba kwa mpigaji mzito anayekaribia miaka 30 ni hatari kuliko wa miaka mitatu kwa kloza. Urefu wa mkataba huua haraka kuliko ukubwa wake.

Matajiri wana kanuni zao. New York Mets mwishoni mwa 2022 walimpa Edwin Díaz milioni 102, wa kwanza kati ya warushaji wa akiba kuvuka milioni 100. Machi 2023, akisherehekea ushindi wa Puerto Rico kwenye mashindano ya dunia, aliumia goti akirukaruka na wenzake, na msimu mzima ukapotea. Mets, wenye mishahara mikubwa kuliko klabu yoyote mwaka huo, walishinda mechi 75 tu. Dodgers nao kabla ya 2025 walimsajili Tanner Scott kwa milioni 72 na Kirby Yates kwa milioni 13. Scott alimaliza na wastani wa 4.74 na kushindwa kuokoa mechi kumi alizokabidhiwa. Ilipofika Oktoba inningi za mwisho zilifungwa na Roki Sasaki, mrushaji wa kuanza, na mechi ya saba ya World Series ilimaliziwa na Yoshinobu Yamamoto, aliyekuwa ameanza mechi ya sita jana yake. Walitwaa taji. Kisha Desemba wakamsajili Díaz huyo huyo wa Mets, kwa milioni 69 za miaka mitatu. Wanaoweza kutupa milioni 85 na bado wakashinda wanaruhusiwa kurudia. Kwao kikwazo ni kodi ya anasa tu, inayoanza mishahara ikivuka kiwango kilichowekwa, milioni 241 kwa mwaka 2025, na wao huilipa bila kusita. Klabu ya kawaida ina kikomo cha chini zaidi, nacho kipo kichwani mwa mwenye mali.

Kwa klabu hiyo ya kawaida, yenye milioni 40 za kutumia majira haya ya baridi, hukumu yangu ni hii. Milioni 28 ziende kwa wapigaji wawili, mmoja mzuri na mmoja wa kuziba pale penye shimo kubwa kuliko yote, kwa mikataba isiyozidi miaka mitatu ikiwezekana. Milioni 6 ziende bulpeni, kwa warushaji wawili ambao msimu uliopita bahati iliwakataa ila kasi na mzunguko wa mipira yao haukupungua. Mwaka mmoja kila mmoja, si zaidi. Vijana saba au wanane wa ligi ndogo wapewe nafasi ya kugombania viti vilivyobaki hadi Mei. Na milioni 6 za mwisho zifungiwe kabatini hadi Julai, wakati ambapo utakuwa umeshaona ni inningi gani hasa inayokuuma, na klabu zilizokata tamaa zitakuwa zinauza makloza wao kwa miezi miwili badala ya miaka mitatu. Meneja mkuu atakayezitumia hizo Desemba kwa sababu waandishi wamemzonga, asije kulalamika.

Nawe msomaji, Desemba ijayo ukiona timu yako imetangaza kloza mpya mbele ya kamera, jezi mkononi, usishangilie kabla hujaangalia nani anapiga namba sita, saba na nane. Kama ni wale wale wa mwaka jana, subiri kwanza.